Dakika ya Kumi na Moja

Kibao cha baba mdogo Ndelilio kilikuwa na dakika mbili na sekunde hamsini.
Nilikipima kwa saa ya Elifasi,
ile ambayo mshale wake ulikwama kidogo kila ulipofika kwenye sita.
Ubeti, kiitikio, ubeti, kiitikio, gitaa lilie kidogo,
kiitikio, kwaheri.
Santuri haibebi zaidi, alisema,
na msichana anayecheza kwa viatu vya kuazima
naye habebi zaidi.

Njoro Jazi: mashati ya rangi moja, njia ya wembe kichwani.
Usiku waliinamia redio, wakiwanasa vijana wa Uingereza
kati ya mkwaruzo na mkwaruzo.
Asubuhi walizipanga upya zile sauti, wakatia "mpenzi"
kila palipobaki nafasi.
Moshi nzima iliimba, kutoka Majengo hadi stesheni.
Karani wa chama cha kahawa
aligonga mihuri kwa mdundo ule.

Sisi tuliowafuata tuliona aibu.
Tulijiita Mawenzi, maana Kibo kila mtu anacho.
Tulikuwa wanne na kinanda cha usharika,
tulichokichukua kwa ahadi ya kukitengeneza,
na kweli Aminieli alikitengeneza:
alikipachika maikrofoni tumboni.
Tukatunga kitu kimoja cha dakika ishirini na mbili.
Kilianza na mvua, kikapanda msituni,
kikakaa muda mrefu mahali pasipo na miti.
Katikati hapakuwa na maneno.
Hapakuwa na "mpenzi" hata mmoja.
Tulivimba kichwa.

Tulikipiga ukumbi wa Reli, mkesha wa Sabasaba,
na mapigo yake yalikuwa saba, wala hatukukusudia mzaha.
Watu waliinuka kucheza.
Walihesabu nne, zikabaki tatu mkononi
kama chenji ya duka usilolijua.
Ndeshukurwa wa kantini aliuliza kama umeme una hitilafu.
Dakika ya sita walikaa.
Dakika ya nane mlango ulianza kufunguka na kufungwa,
na kila ulipofunguka baridi iliingia, ikatusikiliza, ikatoka.

Baba mdogo hakutoka.
Alikuwa kiti cha nyuma, kofia gotini,
uso wake kama wa mtu anayekaguliwa mizigo.

Dakika ya kumi na moja Aminieli alibaki peke yake,
anakanyaga kinanda polepole,
anapapasa kama mtafuta funguo gizani.
Noti nne.
Kisha nne zilezile, miguu juu, kichwa chini.
Mimi nilikuwa nimeinua vijiti, nangoja zamu yangu,
nikaona midomo ya baba mdogo inacheza.
Alikuwa anaimba.

Kiitikio chake!
Kimesukumwa kama chapati
hadi kinapitisha mwanga.
Miezi mitano nilikuwa nimelala nyumba ile
bila kumjua mwenyewe.

Nikakosa kuingia. Pigo moja, labda mawili.
Hakuna aliyegundua; nani angegundua, kwenye saba?

Aminieli aliapa kwamba hakuiba.
"Kilikuwamo," alisema. "Mimi nilichimba tu."
Kule juu, kwetu, maji yakifika mgombani
humuulizi mtu nani alianza kuchimba mfereji.
Unauliza zamu ni ya nani.

Tulipokuwa tunakunja nyaya, baba mdogo alikuja jukwaani.
Nilidhani atatusema kwa dakika ishirini na mbili,
nyingi kuliko mahubiri ya Pasaka.
Alibonyeza kinanda kwa kidole kimoja.
"Noti ya tatu," akasema, "haiko chini hivyo.
Sisi hatukuipiga hivyo.
Ile santuri ya nyumbani iliachwa dirishani,
ikapinda kwa jua."

Akavaa kofia.
Aminieli akaijaribu noti ya juu, ile sahihi,
mara moja, mara mbili,
akatutazama.
Tuliiacha iliyopinda.