Kilomita ya Tisa

Huzimika kilomita ya tisa,
si ya nane, si ya kumi,
penye ghala la ngano lililofungwa,
injini ikishapata moto na mimi nikishasahau.
Taa ya dashibodi hukonyeza mara moja
kama mtu anayejua siri yako,
kisha kimya, usukani mzito kama gogo,
na tambarare nyeupe ya Saskatchewan pande zote nne.

Nimebadilisha pampu. Nimebadilisha koili, plagi,
na sensa tatu ambazo hazikuwa na kosa.
Metro Wasyliw, aliyezeeka chini ya matrekta ya watu,
aliizunguka pikapu mara mbili, mikono kwapani,
akasema: Odarka, gari lina miaka thelathini na tatu.
Nikamwambia, wewe una sabini na sita
na bado twakutia mafuta.

Kumbe mgonjwa ni kompyuta.
Hukaa nyuma ya kisanduku cha glavu, upande wa abiria,
bati la kijivu, unene wa kitabu cha misa.
Nilipolifungua lilinuka samaki aliyelala:
kapasita mbili zimevuja, maji yake yametambaa
yakizila njia za shaba,
yakiuma na kupuliza, miaka nenda miaka rudi.
Baridi ilimsitiri. Joto likamfichua.

Kwa Elke Friesen, kwenye makaburi ya magari,
nilifukua theluji hadi mlango wa GMC ya mwaka uleule
iliyogonga kulungu.
Tarakimu saba. Nilizisoma tochi ikiwa mdomoni,
moja moja, kama anayehesabu chenji ya nchi ya watu.
Dola arubaini, alisema Elke. Haina dhamana.
Hata mimi, nikasema.

Lakini bati la mgeni halijui kitu.
Halijui injini ni lita ngapi,
wala kwamba gia ni za mkono.
Hayo yote yamo kwenye chipu,
na chipu sharti ihame, itoke kwa mgonjwa iingie kwa mgeni.
Nilishika chuma kwanza, kuutoa umeme wa mwilini,
maana sweta ya sufi huua kompyuta bila kelele.
Nikaing'oa: kidudu cheusi, miguu ishirini na minne.
Mguu mmoja ukapinda.

Nikanyamaza.
Nikaingia ndani, nikaleta kikoleo cha nyusi,
kile nilichonunua kwa ajili ya harusi ya binti yangu,
nikaunyoosha huku nimebana pumzi
hadi miwani ikaacha ukungu.

Nikafunga betri. Nikageuza ufunguo.
Hakuna.
Nilitukana kwa Kiukraina, lugha ya bibi yangu,
ambayo nimebakiwa na matusi yake na majina ya vyakula.
Soketi ya pili haikuwa imeingia hadi mwisho.
Nikaisukuma. Ikalia: tki.
Injini ikakohoa, ikapanda, ikashuka, ikatafuta kimo chake
kama mtu anayepapasa ukuta wa chumba cha giza.
Ipe muda, alisema Metro mlangoni, ambaye sikumwita.
Inajifunza upya.

Asubuhi, nyuzi thelathini chini ya sifuri, nikatoka nayo.
Saba. Nane.
Ghala likaonekana, mlango wake ukining'inia.
Mguu wangu ukaachia mafuta wenyewe.
Mkono ukawasha taa za hatari.
Nikaiweka pikapu ukingoni, nikangoja,
nayo ikanguruma palepale,
haina habari,
taa zikiwaka na kuzima,
hadi lori la nafaka likapunguza mwendo ubavuni mwangu,
dereva akashusha kioo, baridi yote ikamwingia,
akaniuliza nimeharibikiwa na nini.