Daftari la Kuchelewa

Baba aliandika muda wa treni kwa penseli,
miaka ishirini na sita, stesheni ya Kigoma.
Safu ya kwanza: ilipotarajiwa.
Ya pili: ilipofika.
Ya tatu aliiita sababu:
maji juu ya reli, Malagarasi.
Ng'ombe, Nguruka.
Haijulikani.
Pole hakuiandika hata siku moja.

Jumanne alfajiri niliwapigia simu wote wawili,
Dar moja, mitaa miwili,
maneno yaleyale.

Felista akapanda ndege.
Saa mbili na dakika arobaini.
Alikunywa juisi juu ya Tabora,
akamaliza karanga juu ya Uvinza,
akashuka macho makavu,
kikombe cha plastiki bado mkononi.
"Sijaanza," aliniambia pale uwanjani.
"Nilidhani njia itanisaidia.
Sijafika hata kwenye jina lake
wakatuambia tufunge mikanda."

Yoramu, mfuko ulimpeleka reli.
Saa arobaini na tatu.
Morogoro alilia gizani, behewa zima likajifanya limelala.
Itigi alikasirika.
Tabora, mabehewa ya Mwanza yalipokatwa yakaenda zao,
alimcheka baba, kofia yake, mluzi wake,
namna alivyoitazama saa ya mkononi wakati wa sala.
Urambo muuza asali alisikiliza kisa chote dirishani
na hakutaja bei.
Uvinza alinunua chumvi, kilo mbili, hajui ya nini.
Akafika Ijumaa. Tulikuwa tumezika Alhamisi.
Hakuuliza kitu. Alishika jembe
akasawazisha udongo uliokuwa umeshasawazishwa.

Usiku ule Felista ndipo alipoanza,
jikoni, akichambua dagaa,
na ni Yoramu aliyemkalia karibu,
kama mtu aliyekwisha kupita stesheni hiyo
akamshikia mwenzake mzigo.

Siku ya kuondoka, uwanja wa ndege walilikataa dumu la mawese.
Tukalirudisha mjini, likaenda na Yoramu.
Mafuta yana haraka gani?

Nyumba ilipobaki na mimi nilifungua daftari,
ukurasa ambao baba hakuufikia.
Nikaandika kwa mkono unaofanana na wake:

*Felista. Kilomita elfu na kidogo, hewani. Alifika.*
*Yoramu. Elfu na mia mbili na zaidi, kwa reli. Alifika.*

Kisha mstari wangu.
Mwanga hadi Gungu.
Dakika kumi kwa bodaboda,
arobaini kwa miguu, ukisalimia watu.
Ilipotarajiwa: Jumapili, alipopiga akisema
njoo, si lazima leo.
Ilipofika: Jumanne, kumekucha,
chai yake imeganda utando.

Sababu.

Nimeichonga penseli mara mbili.