Kabla Hujawasha

Baba, vaa viatu.
Si hizo ndara. Viatu, vile vya karakana,
ulivyovaa miaka ishirini na nane ukichomelea matumbo ya meli.
Viko nyuma ya mlango, vimeota ukungu
kama kila kitu cha Valdivia kuanzia Mei hadi Oktoba.

Najua, jua limetoka. Umelingoja.
Mashine umeiazima kwa don Eleuterio,
ukuta wa kusini una kuvumwani hadi dirishani,
na Peugeot haijaonja sabuni tangu mazishi ya shangazi Ercilia.
Lakini keti kidogo, nikupe habari ya Jumanne.

Alikuja zamu yangu kijana mmoja wa Niebla,
anatembea mwenyewe, anacheka,
kidole amekifunga kwa leso.
Alikuwa anaosha toroli la samadi. Mdomo wa mashine ukaziba,
akauzibua kwa kidole,
mkono wa pili bado uko kwenye kifyatulio.
Kitundu, Baba. Kitundu tu,
ungesema ameumwa na mbu.
Mapokezi walikuwa wameshamkatia plasta.
Mimi nikauliza: maji gani?
Akasema, ya mashine.
Nikamwita daktari wa upasuaji huku nakimbia,
maana maji yale yalikuwa yameshapita,
yamefuata kano hadi kiganjani, yamebeba uchafu
mahali ambapo hakuna kitambaa kinachofika.
Mdharau mwiba, si ndivyo wasemavyo?
Kidole kimebaki. Hakikunjiki.

Haya, simama sasa.

Ile ncha nyekundu nipe mimi, niitie mfukoni. Ile ni kisu.
Anza na nyeupe, inayotandaza maji kama ufagio.
Miwani. Hata kama don Eleuterio anachungulia.
Shika kwa mikono miwili, kwa sababu itakurudi kifuani
kama ndama anayekataa kamba,
na ngazi irudishe bandani: hupandi ngazi na ndama.
Kiungo cha waya kitoe dimbwini, kiweke juu ya kigoda.
Hapana, hatukati jino la tatu la plagi "ili iingie".
Tutakwenda dukani. Duka halihami.

Na gari nalo lina ngozi.
Rudi nyuma. Tena. Hapo.
Tairi usilisogelee, ubavu wake huchanika kimyakimya;
utafurahi leo, lipasuke Alhamisi
ukiwa kwenye kona za Mariquina.
Boneti iache imefungwa.
Pale rangi ilipovimba kwa kutu, pitisha kitambaa kwa mkono,
la sivyo utaibambua kama ganda la kitunguu.

Ananuna, lakini anasikiliza.
Kamba za viatu hafungi; nainama nazifunga mimi.
Paka anafukuzwa. Mashine inanguruma.
Ukuta unafunguka mstari kwa mstari,
saruji ambayo sikukumbuka kuwa ni nyeupe,
naye anaanza kupiga mluzi, jambo baya,
kwa kuwa mluzi wake ndiyo mwanzo wa haraka zake.

Anafika mwimo wa mlango wa jikoni.
Nafungua mdomo nimwambie mbao asiikaribie,
lakini ameshaachia kifyatulio.
"Hapa hapana," anasema.

Naangalia. Penseli. Vistari vilivyofifia,
urefu wangu, urefu wa Danilo,
wake ulipita wangu mwaka ule alioondoka shule,
na juu kabisa mwandiko wa mama: *msiruke*.
Mimi nilivisahau.
Anachovya sifongo, anausafisha ule mwimo pembenipembeni,
kama mtu anayemnawisha mtoto usingizini.

Jioni anachomoa waya, ananyosha mgongo.
Bado, Baba. Funga bomba,
kisha elekeza chini, ufyatue mara moja tena.
Yale yaliyobaki ndani
hayajaambiwa kwamba tumemaliza.