Makali Mawili

Sechelela kavitoa kwenye robota la mitumba,
viatu vyeupe, chini vina visu.
"Ninolee, nipate bei."
Nacheka. Hapa Sabasaba barafu tunayoijua
ni ya ubuyu, kwenye kifuko cha nailoni.

Nimenoa mapanga, mikasi ya mizabibu ya Hombolo,
visu vya wachoma nyama wa Msalato.
Najua kisu: unakichonga huku na huku
mpaka pande zikutane.

Hiki hakitaki. Katikati kina mfereji
mwembamba kama mstari wa kiganja,
kingo mbili zinatazamana bila kugusana.
Nikizikutanisha, nimekiua.

Basi nachukua jiwe dogo, lile lililolika mgongo,
nakanyaga pedali taratibu,
kisigino hadi kidole, kisigino hadi kidole,
bila kusimama njiani.
Naweka sarafu ya mia juu ya kingo.
Imelala upande.
Narudia. Upepo wa Agosti
unanitilia vumbi kwenye kopo la maji.

Sasa sarafu imetulia.
Napitisha ukucha: unatoa unga.

Muuza karanga anauliza, nani atavivaa, na wapi?
Sijui.
Sikuletewa safari. Nimeletewa makali.