Tanbihi ya Saba

Nilianza aya ya pili kwa neno "Inasemekana".
Mwalimu Semhando akalizungushia wino mwekundu,
akaandika pembeni, herufi zimelala kama kawaida yake:
"Huyu Bwana Inasemekana anakaa barabara ya ngapi?
Ngamiani nimezaliwa. Toka ya kwanza hadi ya ishirini na moja
sijamsikia."

Nikarudi mezani na aibu yangu
na vitu viwili.

Daftari la mishahara, shamba la Kwedifunda,
jalada limeliwa na mchwa, namba zimesazwa.
Karani alikuwa na haraka, au hakujali:
Januari kaandika *Bihagaze*,
Februari *Biagasi*,
Machi *Biaga* tu, wino umemwishia, au hamu.
Ni watu watatu hawa, au mmoja
na sikio bovu la karani?
Namba ndiyo haikuyumba: mia nne kumi na mbili.
Na mbele yake, mwezi ule wa tatu,
neno moja: *ametoroka*.

Kisha kipande chake.
Kadi ya vyumba thelathini, siku moja chumba kimoja.
Ishirini na viwili vina alama. Vinane vitupu.
Nimevihesabu mara tatu,
nimeinyanyua kadi dirishani nikaitazama kwa jua,
labda penseli ilifutika.
Chumba kitupu ni ushahidi wa nini?
Wa homa? Wa safari? Wa mnyapara aliyeamka vibaya?
Nilizoea kusema karatasi haisemi uongo.
Ni kweli, haisemi. Husemeshwa.

Basi nikaenda kwa Bibi Nyanzobe, binti yake,
barabara ya kumi na nne, mlango wa kijani,
nikamkuta anachambua mchicha.

"Kutoroka? Atoroke aende wapi na mguu ule?
Mkonge ulimchoma hapa,"
akagusa muundi, muundi wake yeye,
"kidonda kikapanda. Wakamzika nyuma ya kambi
ndani ya gunia la katani. Nani ajuaye,
pengine uzi wake ulitoka kwenye jani alilolikata mwenyewe."

Nikaandika mbio, mkono unatetemeka kwa furaha
(nasema kweli, furaha, Mungu anisamehe).
Kisha nikauliza, kwa kutimiza utaratibu tu:
"Uliona, Bibi?"

"Nione vipi? Nilikuwa tumboni."

Kalamu ikasimama.
Chanzo cha kwanza, tulifundishwa, ni aliyekuwepo.
Bibi alikuwepo, na hakuwepo.

Usiku ule neno *alishuhudia* lilinijia mara nyingi,
limevaa vizuri, limejipaka mafuta.
Kitenzi kimoja tu. Nani angejua?
Lakini karani naye
hakutumia zaidi ya kitenzi kimoja.
Akafunga daftari, akaenda kula.

Kwa hiyo nimeandika hivi:
*Daftari linasema ametoroka.⁶ Binti yake anasema alikufa.⁷*
Kati ya sentensi hizo mbili nimeweka nukta.
Sikushona.

Na chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo:

*7. Nyanzobe binti Bihagaze, mahojiano, Ngamiani, Tanga,
Jumamosi alasiri. Hakuona; alisimuliwa na mama yake,
ambaye jina lake sijalikuta katika daftari lolote.
Jina la baba limeandikwa kama binti anavyolitamka.*

Nilimpelekea, nikamsomea.
Akanyoosha kidole kwenye ile saba iliyoning'inia:
"Na hii?"
"Namba, Bibi. Ya kumwambia msomaji ashuke chini akukute."
"Namba tena," akasema.

Mchicha ulikuwa umeshaiva. Tukala.
Nilipokuwa navaa viatu akaniita kutoka ndani:
niongeze kwamba mwaka haukumbuki,
asije mtu akasema aliubuni.

Nimeongeza.