Nundu

Miaka thelathini na mmoja nimefunga matairi
karakana ya Attercliffe, Sheffield, nyuma ya reli,
na neno moja sikuwahi kumwambia mteja: subiri.
Tairi likitoa nundu ubavuni, hata ndogo kama yai la kwale,
nalivua. Sibishani. Nampa mwenyewe kikombe cha chai,
namwonyesha nyuzi zilivyokatika ndani,
namwambia hili halifiki hata pale kwenye taa.

Sasa nina yangu.

Barua ilikuja wiki niliyotimiza sitini na tano,
pamoja na kadi ya Maureen wa kaunta na bili ya gesi.
Mafuta baridi tumboni, kijana Gareth akisukuma kidude chake,
na kwenye kioo, katikati ya ukungu, duara jeusi
likipumua.
"Mshipa mkuu wa damu," akasema, "umetanuka.
Sentimita nne nukta tatu."
Nikauliza, mnauvua lini?
"Hatuuvui. Tunaungoja.
Ukifika tano na nusu ndipo tutazungumza habari za kisu."

Tunaungoja.
Nilivaa shati nikakosea vifungo.

Basi naungoja. Asubuhi, kabla ya chai,
mashine inanibana mkono kama askari wa zamani:
mia thelathini na nane juu ya themanini na tatu,
naandika daftarini kwa wino wa buluu.
Kidonge cheupe, kidonge cha rangi ya tofali.
Sigara nimeiacha mara nne; ya nne imeshika.
Mwanamize ameficha chumvi. Najua ilipo, kwenye sanduku la cherehani,
sijamwambia.
Maharage nayala, nayasifu, naye anajua naongopa.
Usiku hujifanya ananifunika blanketi
kumbe kiganja chake kinasikiliza tumbo.
Akikuta linadunda, hulala.
Hapo ndipo mimi hukesha.

Walisema nitembee. Napanda kilima cha Crookes
katika mvua isiyonyesha wala kukoma,
wanafunzi wananipita mbio,
nami nimelibeba tumbo langu
kama mtoto aliyetumwa mayai.

Muuguzi aliuliza swali moja, kalamu mkononi:
"Kuna mtu wa damu yako aliyekufa ghafla?"

Baba. Tanga, mwaka themanini na tatu.
Alishika mgongo, akashika tumbo, akaomba maji.
Maji yakafika, mwenyewe hayupo.
Asubuhi ile alikunywa uji kwa Shangazi Mgeni,
na hilo likatosha.
Hakuna aliyetamka sumu kwa sauti;
vikombe tu vilianza kumrudia vikiwa vimejaa.
Miaka ishirini na sita hatukula kwake.
Alipokufa nilituma pole ya mstari mmoja.

Nilimpigia binti yake, Mwanjaa,
saa tisa za usiku kwangu, alfajiri kwake.
Nilieleza mshipa, nundu, sentimita,
nilieleza vibaya, nikarudia,
nikasema: huenda haukuwa uji.
Kimya. Jogoo huko, king'ora huku.
Kisha: "Nilikuwa na miaka sita.
Mabaki ya uji ule niliyanywa mimi.
Nimengoja mniulize tangu siku ile."

Sikuwa na jibu. Nilisikia akiweka simu,
si kwa kishindo.
Mwezi wa pili mdogo wangu Kombo alikubali kupimwa.
Yeye hakutaka. Mwanjaa ndiye aliyemburuta.

Machi nimerudi. Nne nukta nne. Gareth amefuga ndevu.
"Milimita moja," akasema, "kwa mwaka mzima,"
kana kwamba nimefaulu mtihani.
Karakanani hawaniachi niinue hata rimu ya pikipiki,
nakaa kaunta, naandika risiti.
Kijana mpya akaniletea tairi lenye nundu,
akauliza linaweza kwenda hadi lini.
Nilipitisha dole gumba juu yake
kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
Livue, nikamwambia,
nikaenda kuchemsha maji.