Sikio la Sneška

Daktari huja Alhamisi ya kwanza ya mwezi
kutoka Port Augusta, mwendo wa saa sita,
na chombo chake amekifunga mkanda kitini
kama abiria.

Akifungua kifuniko hutoka moshi usiojua kupanda:
unamwagika ukingoni, unatambaa mezani,
unashuka hadi miguuni petu kana kwamba
umeangusha kitu sakafuni.
"Nyuzi mia moja tisini na sita chini ya sifuri,"
asema Dokta Noske.
Mimi niliyekulia milimani Bosnia,
niliyevunja barafu ya ndoo kwa kisigino kabla ya shule,
nacheka. Hiyo si baridi, Dokta. Hiyo ni namba.

Sneška amelala, ulimi nje, sindano imemchukua.
Kwa lugha ya mama yangu jina lake lina theluji ndani.
Lilikuwa utani tu,
katika mji huu wa Coober Pedy ambako hata mvua
huja kama mgeni aliyekosea nyumba.

Sisi huku twaishi chini ya ardhi.
Chumba changu nilikichimba kwa mashine ile ile
niliyotafutia opali; kuta bado zina meno yake,
na humo ndani Januari na Julai ni pacha.
Yeye hakutaka. Kila asubuhi alipanda ngazi
akajilaza juu ya boneti ya gari bovu la Vassilis,
masikio meupe, membamba, waziwazi,
mwanga ukiyapita kama pazia.
Miaka kumi na mmoja.
Jua halikumdai siku hata moja.
Lilikuwa likiandika.

Kwanza kigaga; nikadhani amepigana.
Kikapona. Kikarudi. Kikavuja damu alipojikuna.
Ukingo ukajikunja kama karatasi iliyosogezwa mshumaani.
Mwezi uliopita Dokta alikata kipande cha punje ya mchele,
akakipeleka kupimwa,
na jibu lilipofika hakulitaja lile neno
mpaka nilipolitaja mimi.
"Ndiyo," akasema. "Lakini tumeuwahi."

Sasa anashika sikio kwa vidole viwili.
Chombo kinafoka, tsss,
na weupe unapata weupe mwingine juu yake,
mgumu; ungeligonga kwa kucha
lingelia kama kikombe.
Anahesabu kwa midomo. Anaacha.
Tunangoja. Rangi inarudi kwa uvivu, waridi, kisha nyekundu.
"Kuganda haraka, kuyeyuka polepole," asema.
"Halafu tunarudia. Ya kwanza hujeruhi, ya pili humaliza."

Simwambii kwamba najua.
Mgongoni mwa mkono wangu wa kulia yapo madoa matano,
meupe, laini, hayaoti nywele,
na jingine penye ncha ya sikio langu.
Mimi sikulala. Nililia machozi
nikamsingizia yule moshi.

Husemwa dawa ya moto ni moto.
Waliosema hawakumwona Sneška.

Lilivimba, sikio. Likatoa maji. Likawa jeusi,
kavu, la kutisha, na kwa siku nyingi sikumtazama upande ule.
Siku ya kumi na tisa nilikuta ukingo wake blanketini,
umeanguka wenyewe, mwepesi kama ganda la kitunguu.
Sikujua kitu kama hicho hutupwa wapi.
Nikakitia katika kopo la tumbaku,
pamoja na vipande vya opali visivyo na rangi
ambavyo hakuna mnunuzi aliyewahi kuviuliza bei.

Anasikia vizuri. Sikio limebaki fupi,
mviringo, kama la dubu mtoto.

Vassilis nami tumejenga kibanda juu ya lile boneti:
mabati manne, nguzo mbili za mgodini, waya.
Kazi ya Jumapili nzima. Kivuli safi kabisa.
Leo asubuhi nimepanda kumtazama.
Amelala hatua moja nje ya kivuli,
tumbo juu, macho amefumba,
na mimi, kofia kichwani, nimesimama
mahali ambapo kivuli changu kinamfika masikioni,
na miguu imeanza kuuma.